Kuweka alama ya maji kwenye picha nyingi kwa mara moja

Ukurasa huu ni kwa yeyote anayepiga picha kambini au kwenye makazi na kuzisambaza: mpiga picha wa harusi na ubatizo, kijana wa kikundi cha habari, mwalimu, katibu wa chama cha akina mama anayetunza picha za mikutano. Unaeleza namna ya kuweka jina au nembo yako juu ya picha mia mbili bila kuzifungua moja moja, programu zipi ni za bure na kwa nani, na mambo ya kuangalia kabla hujaandika chochote juu ya picha ya mtu mwingine. Huhitaji kompyuta kubwa. Njia mojawapo inawezekana hata kwenye simu.

Alama ya maji ni nini?

Chukua noti ya shilingi ya Kenya uiinue kwenye mwanga. Utaona kichwa cha simba ambacho hakionekani noti ikiwa mezani. Hiyo ndiyo alama ya maji ya asili, inayotengenezwa ndani ya karatasi yenyewe. Kwenye picha za kidijitali jina limebaki lakini kazi imegeuka, kwa sababu alama ya picha inatakiwa ionekane. Ni maandishi au nembo hafifu iliyolazwa juu ya picha kusema nani aliipiga. Wengi wanaiita wotamaki, na ukisema hivyo utaeleweka.

Picha iliyopigwa Nakivale asubuhi inaweza kufika Goma, Bujumbura na Ulaya kabla ya jioni, na njiani jina la aliyeipiga linadondoka. Anayeishi kwa kamera hupoteza wateja, maana aliyeipenda picha hajui amtafute nani. Kuna hasara nyingine ambayo kwa maoni yangu ni kubwa zaidi. Matapeli huchukua picha ya mtoto mgonjwa, au ya mama aliye kwenye foleni ya chakula, wakaiandikia hadithi yao na namba yao ya kupokelea pesa, kisha wakachangisha kwa jina la watu wasiojua lolote. Picha yenye jina la mpiga picha inawapa kazi. Haiwazuii kabisa, ila wengi wataiacha watafute isiyo na jina.

Je, mkimbizi ana haki juu ya picha zake?

Ndiyo, na jambo hili wengi hawaambiwi. Kifungu cha 14 cha Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 kinasema kwamba, katika kulinda kazi za fasihi, sanaa na sayansi, mkimbizi apewe ulinzi uleule anaopewa raia wa nchi anakoishi. Kenya, Uganda na Tanzania zote ni wanachama wa mkataba huo. Nazo zina sheria zao za hakimiliki: ya Tanzania ni ya 1999, ya Kenya 2001, ya Uganda 2006. Picha ni kazi inayolindwa, na ulinzi hauanzi siku ya kuisajili, unaanza inapopigwa. Alama ya maji haikupi hakimiliki. Inatangaza tu hakimiliki ambayo tayari unayo.

Kuna tahadhari moja. Nchini Kenya, kazi iliyoagizwa na mtu huhesabiwa kwamba hakimiliki yake imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Picha ulizopiga katika kazi ya ajira nazo huenda kwa mwajiri kwa utaratibu huohuo. Kwa hiyo kabla ya harusi andikianeni, hata kama ni karatasi moja ya daftari: picha ni za nani, na nani ataruhusiwa kuzitumia wapi. Kama umepiga kwa posho ya shirika, soma mkataba kwanza, kisha ndiyo uamue kama nembo yako inastahili kuwekwa pale.

Usiweke kamwe nembo ya UNHCR, ya serikali au ya shirika lolote kwenye picha zako bila idhini ya maandishi. Na ukiwa msomaji, kumbuka kwamba nembo juu ya picha haithibitishi chochote. Ukimaliza kusoma ukurasa huu utakuwa na uwezo wa kubandika nembo yoyote kwenye picha elfu moja kwa dakika chache, na matapeli wanaujua ufundi huu pia. Tangazo lenye nembo nzuri linalodai malipo ili upate nafasi ya kuhamishiwa nchi ya tatu ni la uongo. Huduma za UNHCR na washirika wake ni bure.

Tayarisha folda na nembo kwanza

Tengeneza folda tatu: moja ya picha halisi, moja ya kazi, moja ya zilizokamilika. Nakili picha kutoka kadi ya kamera hadi folda ya kwanza, kisha usiiguse tena. Kazi yote ifanyike kwenye nakala. Programu za kushughulikia picha kwa mkupuo hazina huruma: ukikosea mpangilio mmoja, kosa linaingia kwenye picha zote, na zipo zinazoandika juu ya faili halisi bila kukuuliza.

Nembo ihifadhiwe kama faili la PNG lenye mandharinyuma angavu, yaani pasipo na rangi yoyote nyuma ya herufi. JPEG haiwezi kubeba uangavu, hivyo nembo ya JPEG itakuja na kisanduku cheupe kinachoziba picha. Unaweza kuitengeneza kwenye GIMP, ambayo ni ya bure: fungua ukurasa mpya usio na rangi, andika jina kwa herufi nene zisizo na mapambo, punguza uzito wa tabaka la maandishi hadi asilimia 50 au 60, kisha hamisha kama PNG.

Rangi ya herufi ina mtihani wake. Mweupe mtupu hupotea juu ya hema, juu ya mabati yanayong'aa, na juu ya vumbi la Turkana saa sita mchana. Mweusi mtupu hupotea usiku na ndani ya nyumba. Suluhisho rahisi ni herufi nyeupe zenye mstari mwembamba mweusi pembeni, au kivuli kidogo. Alama hiyo moja itasomeka karibu kila mahali na huna haja ya kuchagua picha moja moja.

Kuhusu mahali pa kuiweka, wengi huchagua kona ya chini kulia. Inapendeza, lakini hukatwa kirahisi, na mara nyingine mtandao wenyewe huikata unapoonyesha picha kwa umbo la mraba. Kwa picha za biashara kona inatosha. Kwa picha ambazo unahofia zitatumiwa vibaya, weka alama juu ya kitu chenye maelezo mengi, kama vile nguo, majani au umati, ambako kuifuta kunaacha kovu. Usiiweke usoni mwa mtu. Kwake ni dharau, hata kama wewe hukukusudia.

Ukubwa wa picha, na gharama ya bando

Kamera ya pikseli 6000 kwa 4000 inaweza kutoa faili la megabaiti 8 hivi. Picha 200 za namna hiyo ni kama gigabaiti 1.6. Zikipunguzwa hadi pikseli 2048 upande mrefu, kwa ubora wa 85, nyingi zitakuwa karibu na nusu megabaiti, na picha zote 200 zitaingia kwenye megabaiti 100 hivi. Anayenunua bando kwa pesa yake anaelewa tofauti hiyo bila kuelezwa. Faida ya pili ni kwamba aliyeiba picha ndogo hawezi kuichapisha kwenye bango kubwa.

Zingatia mfuatano wa vitendo, maana hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Kwanza zungusha, halafu punguza, halafu ndipo uweke alama. Simu na kamera nyingi hazizungushi picha ya wima. Huihifadhi imelala na kuandika ndani ya faili kwamba ionyeshwe imesimama. Programu isiyosoma maandishi hayo itaweka nembo ubavuni. Nawe ukiweka alama kabla ya kupunguza, picha ya kamera kubwa itakuwa na nembo ndogo kama sisimizi, na ile iliyotumwa kwa WhatsApp itakuwa na nembo iliyojaa nusu ya picha. Ukipunguza kwanza, zote zinakuwa na kipimo kimoja. Kwenye picha ya pikseli 2048, nembo yenye upana wa pikseli 350 hadi 400 inasomeka bila kumeza picha, na nafasi ya pikseli 40 kutoka ukingoni inatosha.

Programu zipi?

Kwa anayeanza, XnConvert ndiyo ningeipendekeza. Inafanya kazi kwenye Windows, Linux na Mac, na ni bure kwa matumizi binafsi, ya elimu na ya mashirika yasiyo ya faida. Kampuni inatakiwa kulipia. Ina kurasa chache tu. Kwenye Input unaburuta picha zako. Kwenye Actions unaongeza vitendo kimoja kimoja kwa mfuatano uliotajwa hapo juu: kuzungusha kwa kufuata EXIF, Resize, kisha Watermark, ambako unachagua faili la nembo, kona na uzito wake. Upande wa kulia unaona mfano kabla ya kuanza. Kwenye Output unachagua folda ya zilizokamilika. Mpangilio wako unaweza kuhifadhiwa, na wiki ijayo kazi yako itakuwa kuburuta na kubofya tu.

IrfanView ni nyepesi na hukimbia vizuri hata kwenye kompyuta kuukuu ya Windows. Fungua File, kisha Batch Conversion/Rename, na ndani ya mipangilio ya Advanced utakuta sehemu ya kuongeza maandishi na ya kuongeza picha ya alama. Nayo ni bure kwa wasiofanya biashara. Mpiga picha wa harusi anayetoza pesa, basi, atafute leseni au atumie programu huria kama digiKam, yenye sehemu inayoitwa Batch Queue Manager, au ImageMagick iliyoelezwa hapa chini. Hizo hazibagui kazi ya pesa na isiyo ya pesa.

Photoshop hulipiwa, lakini wapo walioizoea kwenye mafunzo au kazini, kwa hiyo niieleze kidogo. Unarekodi vitendo vyako mara moja kwenye kidirisha cha Actions, kisha unavirudia kwa folda nzima kupitia File, Automate, Batch. Tatizo la kawaida ni kwamba ukirekodi ukiwa na picha ya mlalo, Photoshop hukumbuka nembo iliwekwa wapi kwa vipimo, na picha ya wima ikija nembo inatua nje au katikati. Dawa ni kutoburuta nembo kwa mkono. Punguza kwanza kwa Fit Image, weka nembo kwa Place, chagua picha yote kwa Select All, kisha tumia Align Layers to Selection kuipeleka ukingo wa kulia na ukingo wa chini. Hapo Photoshop inakumbuka amri ya "nenda ukingoni" badala ya vipimo. Kama bado unataka nembo mbili tofauti, ipo Insert Conditional inayouliza kama picha ni ya mlalo au ya wima na kuchagua kitendo kinachofaa.

Njia ya amri: ImageMagick, kwenye kompyuta au simu

Wengi huogopa skrini nyeusi ya kuandika amri. Ni woga wa bure, kwa sababu amri ya namna hii huandikwa mara moja tu. ImageMagick ni huria na ndogo, tena haihitaji intaneti ikishawekwa. Kwenye simu ya Android unaweza kuiweka ndani ya programu ya Termux kwa kuandika pkg install imagemagick, kisha termux-setup-storage ili ifikie picha zako. Ingia kwenye folda yenye nakala za picha, pamoja na faili la nembo.png, uandike:

mkdir tayari

for f in *.jpg; do magick "$f" -auto-orient -resize '2048x2048>' nembo.png -gravity southeast -geometry +40+40 -composite -quality 85 "tayari/$f"; done

Isome kwa utulivu. Kwa kila faili la jpg, izungushe inavyotakiwa, ipunguze isizidi 2048 (alama ya > inazuia picha ndogo zisikuzwe), weka nembo kona ya chini kulia pikseli 40 kutoka ukingoni, hifadhi kwenye folda ya tayari. Picha halisi hazijaguswa. Kama kompyuta ina toleo la 6 la zamani, andika convert badala ya magick. Na ukiona baadhi ya picha zimerukwa, angalia majina yake: kamera nyingi huandika JPG kwa herufi kubwa, na kwenye Linux na Termux *.jpg haioni *.JPG. Ndugu yake mogrify anasifiwa kwa ufupi, ila kwa kawaida huandika juu ya faili lilelile. Mwepuke mpaka uzoee.

Njia yoyote utakayochagua, jaribu kwanza kwa picha tano: ya wima, ya mlalo, nyeupe sana, nyeusi sana, na moja ndogo iliyotoka WhatsApp. Hizo zikikaa sawa, nyingine zitakaa.

Alama isiyoonekana

Ndani ya faili la picha kuna taarifa ambazo jicho halizioni: saa, aina ya kamera, na kama simu imeruhusiwa, mahali penyewe kwa vipimo vya GPS. Kwa watu waliokimbia, taarifa hiyo ya mwisho inaweza kuwa hatari kuliko sura. WhatsApp huiondoa unapotuma kama picha ya kawaida, lakini ukituma kama hati ili kulinda ubora, inasafiri nayo. Amri ya hapo juu pia inaiacha. Programu huria ya ExifTool inaifuta na wakati huohuo kuandika jina lako:

exiftool -all= --icc_profile:all -artist="Jina lako" -copyright="Jina lako" tayari

Hii inafuta yote isipokuwa maelezo ya rangi, halafu inaweka jina lako mahali pa mpiga picha na pa hakimiliki. ExifTool hubakiza nakala ya kila faili yenye mkia wa _original. Usizitume hizo, bado zina GPS.

Jina lililoandikwa ndani ya faili hufutika kirahisi, na alama inayoonekana nayo haidumu milele. Mwaka 2017 watafiti wa Google, Tali Dekel na wenzake, walionyesha kwamba alama ileile ikiwekwa kwenye picha nyingi, kompyuta inaweza kuzilinganisha picha hizo, kuitambua alama, na kuiondoa kwa usafi. Yaani udhaifu umo ndani ya kazi hii hii ya mkupuo. Walikuta kwamba kuhamisha alama au kubadilisha uzito wake hakusaidii sana, ila kuipinda umbo kidogo na kwa namna tofauti katika kila picha kunaifanya iache mabaki. Mpiga picha wa kawaida hahitaji kufika huko. Anayechapisha mamia ya picha nyeti kila mwezi atengeneze nembo tano au sita zilizopindwa tofauti na kuzigawa kwenye picha zake.

Aliye kwenye picha

Alama yako inamlinda mpiga picha, haimlindi aliyepigwa. Omba ruhusa, eleza picha itakwenda wapi, na kwa mtoto omba kwa mzazi au mlezi. Kenya na Uganda zina sheria za kulinda taarifa binafsi tangu 2019, na Tanzania tangu 2022. Sura ya mtu inayomtambulisha ni taarifa yake binafsi.

Angalia pia maneno ya alama yenyewe. "Studio ya fulani, Zone ya fulani, Nyarugusu" ni tangazo zuri kwa harusi. Juu ya picha ya mwanamke aliyemkimbia mume mkatili, au ya mtu anayetafutwa na kundi la nyumbani, maneno hayo ni ramani. Wekeni nembo mbili: moja yenye simu na mahali kwa kazi za biashara, nyingine yenye jina la kikundi tu. Na kama sura haitakiwi kujulikana, ifiche kwanza kwa rangi nzito au kwa vigae vikubwa vya pikseli, kisha hifadhi, ndipo uweke alama. Ukungu mwepesi hautoshi. Mtu anayemjua atamtambua kwa nguo na umbo la mwili.

Picha ikiibwa

Piga picha ya skrini inayoonyesha ukurasa, jina la akaunti na tarehe kabla ya kulalamika, kwa sababu wengi hufuta wakishtuka. Kisha tumia fomu ya mtandao husika ya kulalamikia hakimiliki. Facebook, Instagram na YouTube zote zinayo, na uraia hauulizwi. Kama picha inatumiwa kuchangisha pesa, iripoti pia kama utapeli, na mweleze aliye kwenye picha au mzazi wake, maana naye ana haki ya kulalamika kwa jina lake. Ushahidi wako wenye nguvu ni faili halisi lisilopunguzwa, lenye saa ya kamera, pamoja na picha ulizopiga sekunde chache kabla na baada yake. Mwizi ana picha moja. Wewe una mfululizo mzima. Ndiyo maana folda ile ya kwanza iwe na nakala ya pili mahali pengine, kwenye diski ya nje au flashi, na isikae ndani ya begi moja na kamera.